Kazi Mpya na Safari ya Nyumbani: Omba Siku Kabla ya Kutia Sahihi

Siku barua ya kazi inapoingia katika nyumba ya askari, habari hiyo haikai chumbani. Kabla jua halijatua, majirani wote wa mstari ule wa nyumba wamekwisha kuisikia, na mama mwenye nyumba amekwisha kuulizwa mara kumi ni kazi gani, iko wapi, na mshahara wake ni kiasi gani. Katika furaha hiyo ni wachache wanaousoma kwa makini mstari ulio karibu na mwisho wa barua, ule unaomtaka mwajiriwa aanze kazi tarehe fulani. Hapo ndipo mambo mengi huharibika, kwa kuwa tarehe ile yaweza kuangukia siku ambazo jamaa wote walikwisha kupanga kuwa safarini.

Ndugu msomaji, hayo ndiyo yaliyomkuta binti wa sajini mmoja katika kambi iliyo karibu na Jinja. Alikuwa amesomea kazi ya hesabu, akatafuta ajira kwa muda wa mwaka mzima, na mwishowe akaitwa na kampuni moja ya Kampala inayouza vifaa vya ujenzi. Barua ilimtaka aanze Jumatatu tarehe 4. Wakati huo baba yake alikuwa Somalia pamoja na majeshi ya Umoja wa Afrika, akikaribia kumaliza zamu yake ya mwaka mmoja. Alitazamiwa kufika nyumbani Ijumaa tarehe 8, na mara baada ya hapo jamaa wote wangesafiri hadi Arua kulijengea kaburi la nyanya yao, aliyefariki sajini akiwa bado huko. Mwana hakumzika mama yake. Kila aishiye kambini ajua uzito wa jambo hilo, wala sina haja ya kulieleza zaidi. Tangu Machi 2007, askari wa Uganda walipoanza kwenda Mogadishu, nyumba nyingi zimejifunza kupanga harusi na matanga kwa kufuata zamu, si kwa kufuata mwezi.

Binti huyo akapata mashauri mawili kwa siku moja, na yote mawili yalikuwa mabaya. Mama yake alimwambia, "Mwanangu, nenda kazini. Kaburi halikimbii. Ukianza kuomba siku watasema huitaki kazi yao." Kaka yake alikuwa na lake. "Wewe nenda Arua, usimwambie mtu. Tarehe 4 uwapigie simu, useme malaria imekuangusha."

Hebu tuyatazame mashauri hayo, kwa maana husikika katika nyumba nyingi.

La mama linatokana na mazoea ya kambi. Mtu wa kambini amelelewa na amri. Kijana aliyeitwa kuripoti katika chuo cha polisi cha Kabalye, karibu na Masindi, hamwandikii mkuu wa chuo kuomba wiki mbili za kutembelea jamaa. Akichelewa, lango limefungwa na nafasi imekwenda. Basi nasi tuliokua chini ya paa hizo huichukua tabia hiyo mpaka katika ofisi za kiraia, tukaiona kila tarehe iliyopigwa chapa kuwa ni amri. Sivyo ilivyo. Mkataba wa kazi ya kiraia ni mapatano ya watu wawili, na mpaka pale wote wawili wanapotia sahihi, tarehe ya kuanza ni jambo moja miongoni mwa mambo ya kupatana, kama vile mshahara na saa za kazi. Kuuliza si kosa. Mwajiri aliyekuchagua kati ya watu wengi hawezi kukuchukia kwa sababu umemwomba siku kumi na nne kwa adabu. Yaweza kutokea akakataa, na akikataa utajua la kufanya.

Shauri la kaka ni baya zaidi, kwa sababu ni la uwongo, na njia ya mwongo ni fupi. Nimemjua kijana mmoja, mtoto wa koplo wa polisi, aliyepata kazi ya kutunza ghala. Alikwenda Moyo kwenye harusi ya binamu yake bila kumwambia mwajiri neno. Siku ya kwanza ya kazi akapiga simu na kusema kwamba yumo hospitali, na nyuma yake ngoma ilikuwa ikisikika. Hakukemewa hata kidogo. Aliambiwa tu apumzike salama, na mchana ule ule mtu wa pili katika orodha akaitwa kuchukua ufunguo wa ghala. Kijana huyo hata leo husema alionewa. Mimi nasema aliyemwonea ni yeye mwenyewe, kwani bwana yule wa ghala, kama angaliambiwa wiki moja mbele, pengine angalingoja.

Yafaa pia msomaji ajue sheria inasema nini, kwa maana wengi hudhani kwamba wataanza kazi kwanza, kisha waombe likizo wiki ya pili. Kwa Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006, mfanyakazi hupata likizo yenye mshahara kwa hesabu ya siku 7 kwa kila miezi minne ya kazi, yaani siku 21 kwa mwaka, lakini haki hiyo ni ya mtu aliyekwisha kufanya kazi mfululizo kwa miezi sita. Mgeni wa wiki mbili hana likizo ya kudai. Tena, mara nyingi mgeni huyo yumo katika muda wa majaribio, ambao kwa sheria hiyo hauzidi miezi sita, ingawa waweza kuongezwa kwa miezi mingine isiyozidi sita kwa ridhaa ya mfanyakazi. Katika muda huo kila upande waweza kuvunja mkataba kwa taarifa ya siku 14 tu. Mtu anayekosa kazini kwa wiki moja katika majaribio amejiweka pabaya. Hali ni ya namna hiyo hiyo kwa wale wenye watoto walioajiriwa ng'ambo ya Busia, kwani sheria ya Kenya ya mwaka 2007 hutoa likizo ya siku 21 za kazi baada ya miezi 12 ya utumishi. Kwa hiyo wakati wa kuomba safari si baada ya kuanza. Ni kabla.

Kabla ya lini hasa? Baada ya kupewa barua na kabla ya kutia sahihi. Wapo wanaoyataja mambo ya safari mara tu waingiapo katika chumba cha mahojiano, nalo ni kosa, maana hujaombwa bado na wewe umekwisha kuomba. Lakini ukiulizwa pale pale, "Waweza kuanza lini?", usijibu "Hata kesho" ikiwa unajua kesho haiwezekani. Wengi hulijibu swali hilo kwa woga, kisha hulazimika kurudi wiki ifuatayo kuyakana maneno yao wenyewe.

Sasa, namna ya kuomba. Hapa ndipo mtu wa kambini ana faida kuliko raia, kama angejua kuitumia, kwa sababu ameiona pasi ya likizo tangu utotoni. Pasi ya askari ina mambo machache: jina lake, mahali aendapo, siku ya kutoka na siku ya kurudi. Hakuna mkuu wa kikosi atakayetia sahihi pasi isiyo na siku ya kurudi. Vivyo hivyo, mwajiri akiambiwa "Naomba nichelewe kidogo, nina mambo ya nyumbani," atafahamu nini? Kidogo ni siku mbili au ni mwezi? Mambo ya nyumbani yana mwisho? Taja siku utakayoanza, tena iwe siku moja, si "kati ya tarehe hii na ile".

Na siku hiyo uihesabu kwa miguu, si kwa matumaini. Kutoka Kampala mpaka Arua ni kama kilomita 500, njia ikipita Luwero, Kigumba, Karuma, Pakwach na Nebbi, na watu husema "ni usiku mmoja tu". Ni usiku mmoja ikiwa hapana lililotokea. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, mabasi yalilazimika kuzunguka, na waliokuwa wamepanga kufika Jumapili jioni ili waingie kazini Jumatatu asubuhi walijua maana ya kupanga bila nafasi. Acha walau siku moja kamili kati ya kufika kwako na kuanza kwako. Hata pasipokuwa na tatizo la njia, mtu aliyelala ndani ya basi hafai kushika kitabu cha hesabu.

Binti yetu aliyaweka yote hayo katika karatasi. Tarehe 8 baba afike. Tarehe 9 usiku wapande basi. Siku nne za fundi na saruji, siku moja ya ibada, usiku mmoja wa kurudi, siku moja ya kupumzika. Ikatoka Jumatatu tarehe 18. Kisha akafanya jambo ambalo napenda wasomaji walitazame: hakuanza kwa barua, alianza kwa simu, kwa sababu barua haiwezi kujibu swali na yeye alijua kwamba ataulizwa.

"Habari za asubuhi, Bibi. Ni mimi mliyeniandikia barua ya ukarani."

"Salama, binti. Umeipata?"

"Nimeipata na nimeifurahia sana. Kazi naitaka. Ila kabla sijatia sahihi ninalo ombi moja."

Akaeleza kwa maneno machache. Meneja yule alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo hata mimi nilipohadithiwa niliona ni la mtu mwenye akili.

"Na baba yako akichelewa kufika? Askari hawarudi kwa ratiba ya basi. Utaniambia tena unaomba wiki nyingine?"

Binti asema moyo ulimpiga, kwa maana swali hilo hakulihesabu katika karatasi yake. "Hata akichelewa, Bibi, tarehe 18 nitakuwa mlangoni."

"Basi andika hivyo hivyo uniletee."

Barua aliyoipeleka ninaitoa hapa kwa ruhusa yake, majina yakiwa yameondolewa, kwa sababu wasomaji wetu wengi huniuliza barua ya namna hii iandikweje.

"Bibi Meneja,

Nimepokea barua yako ya kunipa kazi ya karani wa hesabu, nami naikubali kwa shukrani. Baba yangu ni askari, naye anarudi nyumbani kwa likizo mwezi huu baada ya kuwa mbali kwa mwaka mzima. Tumepanga kusafiri pamoja hadi Arua kwa ajili ya marehemu nyanya yetu. Kwa hiyo naomba nianze kazi Jumatatu tarehe 18 badala ya Jumatatu tarehe 4. Nafahamu kwamba siku hizo hazina mshahara. Kama kuna vitabu au karatasi zinazonipasa kuzisoma kabla ya kuanza, naweza kuja kuzichukua siku yoyote ya wiki hii. Hata safari yetu ikichelewa, tarehe 18 nitakuwa kazini.

Wako mtiifu."

Barua ni fupi. Haikueleza ugonjwa wa nyanya wala machozi ya nani. Neno "naikubali" limetangulia ombi, na hilo lina maana kubwa, kwani msomaji wa barua hupenda kujua kwanza kama ana mfanyakazi au hana. Nilipenda pia mstari wa kwenda kuchukua vitabu. Mwajiri anayempa mtu wiki mbili na kumwona amekuja kuchukua vitabu kesho yake hulala usingizi.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni la nyumba za askari peke yao. Katika nakala ya kwanza binti alikuwa ameandika jina la kikosi cha baba yake na siku ambayo ndege ingetua. Mama yake, ambaye nimemlaumu hapo juu kwa woga, ndiye aliyeyafuta maneno hayo kwa kalamu nyekundu. Alifanya vema kabisa. Mambo ya kikosi hayaandikwi katika barua ya kazi, wala hayatumwi katika ujumbe wa simu. "Baba anarudi likizo" yatosha.

Msomaji asidhani kwamba kila ombi hukubaliwa. Ziko kazi ambazo siku ya kuanza haisogei kwa sababu haiko mikononi mwa meneja. Mwalimu huanza shule zinapofunguliwa, na watoto hawawezi kungoja. Kampuni ya ulinzi iliyoahidi kuweka walinzi kwenye lango la mteja tarehe 1 itaweka watu tarehe 1. Muuguzi anayempokea mwenziwe aliyekwisha kuaga hana nafasi ya kuchelewa, na mafunzo ya pamoja yakianza huwa yameanza. Mwenye kupewa kazi za namna hiyo na aulize kwanza kama tarehe ile ina sababu. Akiambiwa sababu, asishindane nayo. Na achague: kazi hii au safari hii. Mimi siwezi kumchagulia, kwa maana ziko safari ambazo mtu akizikosa hazirudi, na ziko kazi ambazo jamaa wazima wamezingoja miaka. Namsihi tu achague kabla ya kutia sahihi, kisha aishi na alichochagua bila kuilaumu ofisi.

Aghalabu jibu huwa la katikati. Utaambiwa, "Wiki mbili ni nyingi, chukua moja," au "Anza tarehe 4, kisha nitakupa siku tano bila mshahara." Majibu hayo si mabaya, ila la pili lina hatari yake. Meneja aliyeahidi kwa mdomo aweza kuhamishwa, na anayekuja baada yake hajui lolote. Mwombe kwa upole aliandike, hata kama ni mistari miwili. Sheria humtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi yake kwa maandishi katika muda wa wiki 12, na siku ya kuanza ni miongoni mwa mambo yanayotajwa humo. Basi hakikisha kwamba ni ile siku mpya inayoandikwa, si ile ya barua ya kwanza. Ikibaki ya zamani, siku moja karani wa mishahara atauliza ulikuwa wapi. Na mwenye kazi nyingine mkononi asiiache kazi hiyo kwa ahadi ya simu. Angoje karatasi.

Niseme machache juu ya fedha, kwani ukurasa huu ni wa nyumbani na fedha ndiyo inayoumiza. Kuchelewa wiki mbili ni kukosa mshahara wa wiki mbili. Aanzaye tarehe 18 kwenye kazi inayolipa mwisho wa mwezi atapokea malipo ya siku chache, na hizo nazo zitakatwa asilimia 5 ya mfuko wa akiba ya wafanyakazi, NSSF, ambayo mwajiri huiongezea asilimia 10 zake. Wakati huo huo kuna nauli ya watu watano kwenda na kurudi, saruji, fundi, sukari na sabuni za kuwapelekea wazee, na chumba cha kupanga Kampala ambacho mwenye nyumba hukitaka kilipwe mbele. Mama wa binti huyu alikuwa amemaliza zamu yake katika chama cha akiba cha wanawake wa kambi, na fedha zile ndizo zilizolipa chumba. Asingekuwa nazo, huenda shauri lake la kwanza lingekuwa ndilo la haki, na mimi ningelazimika kuyala maneno yangu.

Wapo watakaouliza mambo yaliishaje. Sajini hakufika tarehe 8. Safari yao iliahirishwa, akafika nyumbani Jumatatu tarehe 11, amekonda, na kesho yake usiku wote wakapanda basi. Walifika Arua Jumatano alfajiri. Fundi akaanza Alhamisi, na ibada iliyokuwa ifanyike tarehe 14 ikasogezwa mpaka Jumapili tarehe 17, baada ya watu kutoka kanisani. Wajomba na shangazi wakamjia binti. Wakamwambia apige simu, aombe siku moja tu, ni nani awezaye kumnyima mtu siku moja ya nyanya yake? Naye, kama alivyoniambia mwenyewe, alikuwa amekwisha kuishika simu.

Baba yake akamwuliza, "Karatasi yako yasema tarehe ngapi?"

"Tarehe 18, Baba."

"Basi."

Jumamosi jioni wakaenda kaburini wawili tu, saruji ikiwa bado mbichi pembeni, wakasimama mpaka giza lilipoanza kuingia. Sajini hakusema neno. Kisha akauchukua mfuko wa binti yake, akaubeba mwenyewe hadi kituo cha mabasi, akangoja hapo mpaka basi lilipoondoka. Jumapili, ukoo wote ulipokuwa umesimama kuzunguka kaburi, binti alikuwa Kampala katika chumba kisicho na kiti, akinyosha nguo za kazi. Jumatatu alifika kabla mlinzi hajafungua lango.